Karoti za Phoenix Park

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Waswahili wenzangu tunaoishi Dublin, pamoja na wageni wanaotutembelea kila kiangazi. Jambo lenyewe ni karoti tunazowalisha ayala wa Phoenix Park, bustani kubwa ya hapa Dublin.

Ayala wengi wetu tulimjua kwenye Zaburi kabla hatujamwona. Kwetu hayupo, tuna swala na kulungu wanaofanana naye. Ndiyo maana mgeni akifika Phoenix Park akawakuta mamia wanakula majani karibu na barabara, simu hutoka mfukoni upesi. Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja na mfuko mzima wa karoti. Nilipomkataza alicheka: "Karoti itamdhuru nani?"

Siku ile nilishindwa kujibu, namjibu leo. Ayala wamo humo tangu miaka ya 1660. Wengi wao huvishwa hereni ya utambulisho sikioni, kwa hiyo watafiti wa University College Dublin waliweza kuwatambua mmoja mmoja, na mwaka 2022 wakatoa matokeo. Ombaomba sugu, wanaofuata watu wakitaka chakula, ni karibu robo tu. Wengi huja mara mojamoja, na wachache ni nadra kusogelea watu. Tena majike ombaomba huzaa watoto wazito kuliko wenzao.

Shemeji atasema: si heri hiyo? Lakini mtoto mzito ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Ikiwa ujasiri wa mama unarithiwa, basi sisi na karoti zetu ndio tunaochagua ayala wa kesho awe wa namna gani: msumbufu anaongezeka, mwoga anapungua. Nani alitutuma kazi hiyo?

Mkate na biskuti, ambavyo nimeona vikitupwa kwa mafungu, ni vibaya zaidi, maana tumbo la mnyama wa kucheua halikuumbiwa wanga na sukari. Na Juni mama humficha mtoto nyasini akaenda kula. Msidhani ametupwa, msimguse. Oktoba madume wanapigana, na dume aliyezoea mikono ya watu ana pembe zilezile. Waliopita barabara ya Mikumi, Tanzania, wanamjua nyani aliyezoeshwa ndizi, sihitaji kueleza.

Wanaotunza bustani wanaomba tukae mita 50. Kamera za simu za siku hizi zinavuta mbali.

Shemeji, karoti zako zilizobaki nilizitia kwenye kachumbari.

Msomaji wako,
Dublin, Ayalandi