Mwanangu, kabla hujaituma hiyo barua

Mwanangu, hujambo? Huku Kigoma sote wazima. Ile barua yako ya Kiingereza ya kuomba field ya mambo ya uvuvi nimeisoma jana usiku, imekaa vizuri kweli na nimefurahi, ila kuna vipande usitume hivyo hivyo.

Umeandika "since two years". Since inataka pale ulipoanzia, since 2023, since January, ukitaja muda wenyewe ni for two years. Afu "more longer" toa hiyo more, longer imeshabeba zaidi ndani yake. Na ziwa letu Tanganyika sio "long than Nyasa", ni longer than Lake Nyasa, lina kama kilomita 670 na Nyasa halifiki 600. Victoria ni kubwa kuyapita yote Afrika lakini kwa urefu halioni ndani, hapo ndo unasema is not as long as Lake Tanganyika, zile as ni mbili mwanangu, usidondoshe hata moja. Tena sisi mrefu ni mtu, ni mti, ni barabara, ni safari, wenzetu mtu na mti ni tall, ukimwandikia mtu kwamba kaka yako ni "longer than me" atashangaa.

Ila inayoniuma mimi ni ile "three times longer than planned". Kazi ilipangwa wiki mbili, sasa msomaji mmoja atapata wiki sita, mwingine atachukua hizo sita ajumlishe na zile mbili apate nane. Andika three times as long as planned, basi, ni sita tu.

Unayakumbuka yale mapazia ya yule mteja mgeni? Sampo ilikuwa mita 1.2, nikamwandikia two times longer than the sample, nikakata mita 2.4 vitambaa vyote, kumbe yeye anasubiri 3.6. We ulikuwa mdogo, ulinikuta nimekaa chini na mkasi mkononi, vitambaa vimejaa sebule nzima, na pazia ukiliunga katikati mshono unaonekana tu hata ufanyeje. Hela ya kitambaa ilikuwa ya ada yako ya muhula ule.

Rekebisha leo afu nitumie tena kwenye WhatsApp niisome, nitakuwa macho mpaka saa tano.

Mama yako.