Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafunzo ya Ubingwa Bobezi wa Tiba ya Dharura kwa Wazee

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza Kamati ya Utendaji iandae mtaala wa mafunzo ya ubingwa bobezi wa tiba ya dharura kwa wazee. Niseme mapema kwamba mtaala umeandikwa, lakini haujapata chuo cha kuusimamia, na hakuna daktari aliyeanza kusoma.

Tangu mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura yaanze Muhimbili mwaka 2010, tumepata madaktari wanaojua kumpokea majeruhi wa ajali, mjamzito anayevuja damu na mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Mzee tumemwekea dirisha lake na kibao kinachoomba apishwe kwanza, jambo linaloendana na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Kibao hicho, hata hivyo, humfikisha mbele ya daktari tu. Hakimwelekezi daktari atazame nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mzee aliyeanguka msalani, mapigo ya moyo 76, presha ambayo kwa kijana ningeiita nzuri. Nilimwandikia dawa ya maumivu nikamruhusu. Binti yake alimrudisha kesho yake akiwa hoi, damu ikivujia tumboni. Dawa ya presha aliyokuwa akimeza kila siku ndiyo iliyozuia mapigo yasipande kama yanavyopanda mtu anapovuja damu, na mfuko wa dawa hizo ulikuwa mkononi mwa binti huyo siku zote mbili, nami sikuuomba. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa mtaala unahusu mfuko wa dawa. Kurasa zinazofuata zinahusu nimonia isiyo na homa, mshtuko wa moyo unaokuja kwa uchovu bila maumivu ya kifua, na mpira wa mkojo unaowekwa kwa kumrahisishia muuguzi kazi kisha ukamletea mgonjwa maambukizi.

Muundo tumeuazima Marekani, ambako mwongozo wa idara za dharura kwa wazee ulitolewa mwaka 2014 na ithibati ya idara hizo ikaanza mwaka 2018. Hatukuazima kila kitu. Kipimo cha 4AT, kilichobuniwa Scotland kutambua kuchanganyikiwa kwa ghafla, humuuliza mgonjwa umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka uliopo, kisha humtaka ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Ni kipimo kizuri, na hakimalizi dakika mbili. Lakini bibi aliyezaliwa mwaka wa njaa, asiyewahi kukaa darasani, na anayehesabu Mfungo Mosi na Mfungo Pili, ataonekana amechanganyikiwa ilhali akili yake ni timamu kuliko ya anayemhoji. Kamati ilibishana juu ya hili vikao vitatu. Tumependekeza siku za juma zitumike badala ya miezi, lakini mabadiliko hayo lazima yafanyiwe utafiti kabla ya kufundishwa, na utafiti huo uwe kazi ya wanafunzi wa kwanza. Sehemu ya kipimo isiyohitaji kubadilishwa ni ile ya kumuuliza ndugu aliyemleta kama hali hii imeanza juzi au ni ya siku nyingi, nayo ndiyo tunayoiruka mara nyingi zaidi.

Mafunzo yatachukua miezi 12, sehemu kubwa ikiwa katika idara ya dharura yenyewe, na nyingine katika wodi ya mifupa, famasia na tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi. Wapo wajumbe waliotaka miaka miwili. Binafsi naona hospitali za mikoa hazitakubali kumwachia daktari bingwa wao pekee kwa muda huo.

Kuhusu fedha, michango ya ada imetosha gharama za vikao tu, na mhazini atawasilisha hesabu kamili.

Naomba mkutano uamue mambo mawili: kama tuanze mazungumzo rasmi na chuo kabla utafiti wa kipimo haujakamilika, na kama ada ya uanachama iongezwe ili kumlipia mwanafunzi mmoja wa kwanza. Wanachama walio tayari kuwa wakufunzi wawasilishe majina yao kwa katibu kabla ya siku ya mkutano.

Mwenyekiti