DNA si ya kumtafuta baba pekee

Mhariri,

Juma lililopita gazeti lenu liliandika kwamba wagonjwa wa saratani hapa Nairobi "hupimwa DNA" kabla ya kuanzishiwa dawa. Mstari huo mmoja, basi. Mimi hufanya kazi katika maabara ya patholojia, na mistari ya namna hiyo huja kutulipukia dirishani pa kupokelea sampuli.

Jijini humu DNA ina kazi moja tu: kumtafuta baba. Ndiyo mada ya redio asubuhi, ndiyo kesi ya matunzo kortini, ndiyo mzaha wa makanga. Basi baba mmoja alipoambiwa kwamba nyama iliyokatwa kwenye taya la mwanawe itafanyiwa kipimo cha DNA, aliikunja fomu ya idhini akaitia mfukoni. "Kwa hivyo mnataka kujua kama mtoto ni wangu?" Mama mtoto akainama. Shangazi naye akauliza kama ugonjwa umetoka kwa wakwe. Fomu ilirudi siku ya tano.

Siku tano si kitu ukingoja kitambulisho. Kwa uvimbe ule wa taya ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, ni nyingi mno, kwani unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kufikia siku hiyo ya tano meno ya mtoto yalikuwa yamelegea na jicho limeanza kusukumwa.

Na tulichokuwa tukitafuta hakimhusu baba hata kidogo. Seli ya mwanadamu ina kromosomu 46. Katika uvimbe wa Burkitt, kromosomu ya 8 hukatika karibu na jeni iitwayo MYC, ile inayoihimiza seli igawanyike. Mara nyingi kipande hicho huhamia kromosomu ya 14, mahali penye jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli hizo ziko kazini usiku na mchana. MYC ikishapata jirani wa namna hiyo, nayo hailali tena.

Ili kuuona mkatiko huo tunatumia probu, yaani vipande vya DNA vilivyotengenezwa na kufungiwa rangi inayong'aa. Chekundu hukaa upande mmoja wa jeni, cha kijani upande wa pili. Tunaipasha moto slaidi, yaani kioo chenye seli za uvimbe, hadi nyuzi mbili za DNA ziachane, kisha tunailaza usiku kucha kwenye nyuzijoto 37 ili kila probu itafute mwenzake, herufi A ya DNA ikishika T na G ikishika C. Asubuhi tunazima taa za chumba. Viini vya seli huonekana vya buluu, na ndani yake jeni nzima huonyesha nyekundu na kijani zimegusana, pengine hata zikaonekana njano. Jeni iliyokatika huonyesha nyekundu huku na kijani kule. Hatuhitaji kujua kipande kimekimbilia wapi, kiwe kwenye kromosomu ya 14, ya 2 au ya 22. Utengano wenyewe unatosha. Kisha ni kuhesabu, seli baada ya seli, mpaka shingo iume. (Sisi wa maabara hukiita kipimo hiki "fishi", kutokana na kifupi chake cha Kiingereza, FISH. Mgonjwa mmoja aliwahi kuniuliza kama aache kula samaki.)

Weka seli zangu, za jirani yangu na zako, Mhariri, chini ya hadubini hiyo: zote zitaonyesha rangi zilizogusana, na hakuna atakayejua nani kamzaa nani. Anayetafuta ubaba hulinganisha alama za mtoto na za mwanamume. Sisi hata mate ya baba hatuyaombi. Na kwa yule shangazi: mkatiko huu hutokea katika seli za mgonjwa mwenyewe, haurithiwi kwa mama wala kwa baba. Katika ukanda wetu unahusishwa na malaria na virusi vya Epstein-Barr, si na ukoo wa mtu.

Kuna probu nyingine ambazo maana yake ni kinyume. Katika aina moja ya saratani ya damu, kromosomu za 9 na 22 hubadilishana vipande, jambo ambalo Janet Rowley alilitambua mwaka 1973, na hapo rangi zikigusana ndipo pana ugonjwa. Jibu hilo ndilo humfungulia mgonjwa njia ya kupewa vidonge vya imatinib.

Sitawalaumu ninyi peke yenu. Fomu yetu wenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na DNA imekaa hapo juu kwa herufi nene. Nilipendekeza iandikwe "kipimo cha jeni iliyokatika ndani ya uvimbe"; pendekezo hilo lingali mezani kwa mkubwa fulani. Ninyi hamhitaji mkutano wa kamati kuongeza maneno hayo saba kwenye habari. Mwandishi wenu akitaka kujionea kwanza, aje asubuhi na mapema, kwa sababu rangi hizi hufifia zikimulikwa kwa muda mrefu.

Mtaalamu wa maabara,
Ngara, Nairobi