Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: abiria wa basi naye ahesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kabla hujatia saini mpango wa taifa wa usafiri. Mipango ya namna hii huanza na mstari unaopanda, idadi ya magari mwaka hadi mwaka, kisha wahandisi wakaambiwa watafute barabara za kuyatosha.

Jana asubuhi nilisimama kituoni, foleni imeganda. Gari baada ya gari, dereva yuko peke yake, kiti cha pembeni kimekaliwa na mkoba. Katikati yao basi limefurika, mama mmoja mguu wake uko ngazini, naye anangoja zamu ileile. Kwenye takwimu, basi lile lote ni chombo kimoja.

Siwalaumu wenye magari. Langu nililinunua baada ya kuchoka kuchelewa kazini kwa sababu ya basi. Lakini siku nilipoliingiza barabarani nililizidishia basi kuchelewa, na waliobaki ndani nao wakaanza kudunduliza wanunue ya kwao. Hapo ndipo mstari wenu unapopandia, na lami peke yake haitaushusha.

Houston, Marekani, walijaribu. Barabara kuu ya Katy ilipanuliwa ikafika njia 26 katika baadhi ya sehemu, ukijumlisha zile za pembeni, na kazi ikakamilika mwaka 2008. Haikupita miaka mingi safari za jioni zikarefuka tena, maana nafasi mpya iliita magari mapya. Stockholm, Uswidi, walianzia kwingine. Agosti 2005 waliongeza mabasi. Tozo ya kuingia katikati ya jiji ikaanza kwa majaribio Januari 2006, na magari yakapungua kwa karibu moja ya tano. Utaratibu huo ndio ninaousisitiza: watu walipewa pa kupanda kwanza, ndipo wakatozwa. Kumtoza mtu asiye na basi la kutegemea ni kumwonea.

Ninachoomba ni kwamba kila mradi wa kupanua barabara uje na hesabu ya watu watakaopita kwa saa moja, wa basini na wa miguu wakiwemo, na pembeni yake hesabu ya njia hiyohiyo ikitengewa mabasi. Rasimu ikifika mezani kwako, itafute hesabu hiyo. Usipoiona, irudishe kwa walioiandika.

Wako mtiifu,
Mwenye gari na abiria wa basi