Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, mabibi na mabwana, ndugu wanachama, assalamu alaikum na habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha baiskeli mnazijua. Safari za Jumapili hadi Shanzu ziliendelea, mara mbili tulivuka feri ya Likoni tukaenda Diani, na darasa la kuziba pancha lilifanyika. Fundi wetu twamshukuru.

Nije kwenye safari ya hisani ya Malindi ya Januari, iliyoishia Kilifi, maana maneno yamekuwa mengi na mimi sijapata nafasi ya kujibu.

Tuliondoka kwenye Pembe za Moi Avenue, Mombasa, saa kumi na moja alfajiri, watu 34, kuchangia viti vya magurudumu vya watoto wenye ulemavu. Hadi Mtwapa hali ilikuwa shwari. Saa tatu upepo wa kaskazi ukaanza kutupiga usoni, na ukishapita Vipingo, kwenye yale mashamba ya mkonge, kivuli hakuna. Hapo mzee wetu mmoja alishuka akakaa chini kando ya lami. Nilipomfikia, shati lake lilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi, na chupa ya maji iko mkononi lakini kifuniko kimemshinda kufungua. Nikamfungulia, nikamshikia anywe. Aliponishukuru, aliniita kwa jina la mwanawe.

Tulifika Kilifi saa tano na nusu, jua la utosi linakaribia, na kilomita kama 60 bado ziko mbele. Nikaamua safari iishie hapo na baiskeli zipakiwe kwenye lori. Sikumshauri mtu. Uamuzi ni wangu na ningali nao.

Vijana wanne walitaka kuendelea, nikawakatalia. Imesemwa kwamba mwenyekiti ndiye aliyechoka. Sikuchoka. Nilikuwa wa mwisho kwa hiari yangu, kwa sababu wa nyuma ndiye anayewaokota wanaoanguka, na kazi hiyo hakuna mwingine aliyejitolea kuifanya.

Ni kweli wafadhili waliahidi kwa kila kilomita. Ahadi zilikuwa shilingi 412,000, tumepokea 268,500, tukanunua viti 14 badala ya 22. Linaniuma. Lakini niliwapigia wafadhili 19 mmoja mmoja, kwa simu yangu na vocha yangu, na saba kati yao walilipa ahadi nzima. Lori pia, shilingi 14,000, nililipa mwenyewe. Siku ile hazina ilikuwa na 3,150 tu. Hadi leo sijarudishiwa.

Na Januari ilichaguliwa na nani? Mimi nilipendekeza Agosti, upepo wa kusi utusukume mgongoni. Wazee wetu wenye majahazi walingoja kusi ndipo wakatweka matanga kwenda Arabuni, nasi twenda kaskazini kwa miguu yetu tukiukabili upepo! Hoja yangu ilishindwa kwa kura 6 kwa 5. Wanachama tuko 63. Waliobaki 52 hawakuja siku hiyo, na wengi wa wanaolalamika sasa wamo humo. Ningepata kura mbili tu za ziada, tungefika Malindi.

Ada ni shilingi 200 kwa mwezi. Waliokamilisha ni 27, na madeni yamefika 71,400. Nimetuma ujumbe, nimepita majumbani, kuna walioniambia njoo kesho mara tatu. Ndugu zangu, pesa hizo ndizo maji, ndizo dawa, ndizo gari la kumchukua mtu akizidiwa.

Mwakani, inshallah, tunatumaini kufika Malindi, katika msimu unaofaa, na gari la huduma likipatikana. Jezi mpya pia zimezungumziwa.

Mzee wetu yule amepona, alhamdulillahi, na yupo hapa safu ya mbele. Baba, baiskeli yako iko kwangu tangu siku ile. Nimeitia mnyororo mpya na breki ya nyuma imekazwa. Tukimaliza nitakuletea.

Mwenyekiti