Barua ya wazi kwa vijana mnaojivunia kutolala

Wanangu wa programu na seva,

Jumamosi iliyopita nilikuwa mazikoni. Udongo haujaisha kurudishwa, mtoto wa marehemu, mwenzenu huyu, akaondoka kimyakimya hadi kwenye gari, akafungua kompyuta mapajani. Mfumo wa kazini kwao umeanguka, na nenosiri la seva, kompyuta kuu inayouendesha, analo yeye peke yake. Shangazi yake akamfuata, akagonga kioo: njoo utie udongo kaburini kwa mama yako. Kijana akainua kidole: dakika moja, shangazi. Dakika hiyo ilipokwisha, watu walishatawanyika.

Sikulala kwa hasira. Nilipata nyingine zaidi Jumatatu, aliponiambia mwenyewe kwamba meneja amemsifu mbele ya wenzake kwa moyo wa kujitoa. Basi nikaona niandike.

Mnaona fahari kuwa ninyi tu mnaojua. Hata mimi nilikuwa hivyo. Miaka ya tisini niliandika programu ya mishahara ambayo hakuna mwingine aliyeielewa, nikajiona nimejenga ngome, nani atanifukuza? Likafika lile hangaiko la mwaka 2000, kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili zingesoma 00 kama 1900; tarakimu hizo zimejaa kila pembe ya programu yangu, na wa kuzirekebisha ni mimi. Likizo tatu mfululizo zilikatishwa kwa simu. Ngome ile ilikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo walikaa nao waajiri.

Aliyechoka hamwokoi mtu, huharibu. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu programu wanazoziandika, alifuta data kwenye seva akidhani yuko kwenye seva nyingine. Alishtuka baada ya sekunde chache, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Kukimbilia nakala rudufu, njia tano walizozitegemea, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa! Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi huyohuyo kwa mkono, kama masaa sita nyuma, kwa ajili ya majaribio. Bahati tupu. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliandika yote hadharani, wakajiuliza mfumo uliruhusuje, wasitafute mtu wa kumtoa kafara. Ninyi nakala zenu mlijaribu lini kuzirudisha? Sisemi kuzichukua, nasema kuzirudisha.

Na mwili nao hauna nakala. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wako miongoni mwenu wanaozimaliza saa hizo Alhamisi, halafu wanazitangaza kama medali.

Mengine nayasema kwa mkato. Msipandishe toleo jipya Ijumaa jioni. Andikeni maelezo ya mfumo mkiwa bado mnakumbuka. Zamu ya usiku iwe na watu wawili, na ilipwe. Mjue jina la jirani wa mlango wa pili. Mji mkubwa unaweza kukuficha miaka miwili ndani ya chumba chenye skrini tatu, na siku ukianguka asijue hata mlinzi.

Nimewasema ninyi, lakini sisi wazazi hatuna pa kujificha. Mtoto akituma pesa tunamwombea dua, hatumuulizi amelala saa ngapi. Akija sikukuu na kompyuta yake tunawaambia wageni, "Huyu wangu ana kazi kubwa sana," sauti imejaa majivuno. Meneja yule alisifu alichokuta tumeshakisifu nyumbani.

Wewe wa mazikoni, najua hii itakufikia. Shangazi yako hana kinyongo, nimemuuliza. Wiki hii mpe mwenzako nenosiri la ile seva, kaa naye mpaka aweze kuiwasha bila wewe. Kisha nitajie siku twende kaburini, mimi nawe na shangazi. Nitakuja kukuchukua kwa gari langu. Kompyuta iache nyumbani.

Mzee wenu