Kuhusu kijibwa chako na lile zulia

Shoga angu Neema,

Habari za Arusha na baridi yenu hiyo. Voisi zako za kijibwa kukojolea zulia la sebuleni na harufu isiyoisha nimezisikiliza zote, hata ile ndefu ambayo katikati unamgombeza mbwa huku unabishana bei na muuza mkaa, nikaona bora niandike tu, maana nikijibu kwa voisi utasikiliza huku unakaanga vitunguu halafu kesho unaniuliza tena inaanza siki au inaanza soda. Ukimaliza kusoma mpe na dada naye asome, yeye ndo anashinda na huyo mbwa kutwa nzima.

Kwanza achana na marashi ya kupuliza. Na udi acha pia, udi kwetu Tanga tunafukizia nguo na chumba cha bibi harusi, haujaletwa duniani kupigana na mkojo. Harufu yenyewe haipo hewani useme utaifukuza, inatoka chini kule kila saa, wewe unaifunika tu, mwisho wa siku sebule inanuka mkojo wenye waridi, na huo nakwambia ni mbaya kuliko mkojo mtupu.

Iko hivi. Mkojo ukitoka tu kwa mbwa haunuki kivile, ndani yake kuna urea, sasa bakteria wakiifikia ile urea wanaivunja inatoka amonia, ndo ile inayochoma pua ukiinama. Ukikauka maji yanaondoka ila chumvi zake zinabaki kwenye nyuzi za zulia, na chumvi hizo zinapenda unyevu. Ndo maana ukasema mwezi wa pili ilikuwa haisikiki kabisa halafu masika yalivyoanza ikarudi ukadhani mbwa kakojoa usiku. Hajakojoa masikini, ni ule ule wa zamani umepata unyevu. Huku Dar hewa mwaka mzima iko hivyo, ndo maana mimi sikosi kazi ya kusafisha mazulia.

Kingine ambacho wateja wangu hawaamini mpaka niwafunulie ni kwamba doa la chini ni kubwa kuliko la juu. Mkojo unashuka kwenye manyoya, unafika kwenye mgongo wa zulia, kama chini kuna sponji ndo unaenea vizuri zaidi, halafu unakuta saruji nayo inanyonya. Juu unaona duara la kisahani cha chai, ukigeuza unakuta sinia. Kwahiyo mtu anasugua juu na povu la sabuni ya unga mpaka mikono inauma, anaanika kidogo, anarudisha, na kitu chenyewe kiko chini kinamsubiri. Tena ile sabuni isiposuuzwa ikatoka yote inabaki inanata na kuvuta vumbi, sasa una uchafu wa aina mbili.

Ukimkuta ndo katoka kukojoa sasa hivi, wala usikimbilie sabuni. Taulo kuukuu, likunje, weka juu ya mkojo, panda na miguu yako miwili usimame kwa uzito wako wote. Badilisha upande, panda tena, mpaka taulo litoke kavu. Usisugue, ukisugua unausambaza na kuupeleka chini. Halafu mwagia maji ya baridi kidogo, panda tena na taulo lingine. Maji ya moto hapana, na ile mashine ya mvuke unayotaka kuazima kwa jirani hapana kabisa, joto linafanya doa na harufu vishikane na nyuzi, hasa hizi za plastiki ambazo ndo mazulia yetu mengi ya manyoya.

Kwa mkojo wa zamani kazi ya kwanza ni kuutafuta, maana pua inakwambia ni hapa hapa halafu kumbe ni nyuma ya kochi. Tafuta kale katochi ka UV ambako mawakala wa pesa wanamulikia noti, usiku zima taa zote, funga pazia, mulika taratibu karibu na zulia. Mkojo unang'aa rangi ya njano iliyofifia inayoelekea kijani. Ukiona inang'aa nyeupe ya bluu bluu hiyo ni sabuni ya unga iliyobaki, usihangaike nayo. Zungushia chaki kila doa ukiwa bado gizani, kwa sababu ukiwasha taa huoni tena kitu. Mulika na miguu ya makochi na pembe za ukuta, na pazia kwa chini. Kuna mama mmoja huku alikuwa analaumu zulia kumbe zulia halina shida, mbwa alikuwa anakojolea spika ya redio.

Sasa dawa. Inayomaliza kazi kweli ni ile ya enzaimu, zipo maduka ya vitu vya wanyama, na hapo Arusha pitia kliniki za mifugo uulize. Enzaimu zinakula kile kitu chenyewe kinachotoa harufu, hazifuniki. Ila watu wanaikosea kwa kuipuliza juu kidogo kama marashi halafu wanaifuta. Inatakiwa ifike kila mahali mkojo ulipofika, kwahiyo unamwaga mpaka ilowe, na inatakiwa ibaki mbichi muda ulioandikwa kwenye chupa, kama ni kavu haifanyi kazi. Doa la zamani mimi nafunika na nailoni lisikauke haraka, na kama zulia ni nene nachukua bomba la sindano la duka la dawa, lile kubwa, nachoma kwenye manyoya nashusha dawa mpaka kwenye mgongo. Wateja wananiangalia wanadhani nachanja zulia. Na usiweke Dettol au siki kwanza halafu enzaimu juu yake, unaziua kabla hazijaanza.

Ukiikosa enzaimu ndo tunarudi jikoni. Siki nyeupe nusu, maji nusu, mwagia ilowe, ikae robo saa au zaidi, kandamiza na taulo, acha ikauke. Siki ni asidi kwahiyo inaituliza ile amonia. Ikishakauka, nasema ikishakauka, nyunyizia soda, ile ya kuokea, siyo bekingi pauda, ilaze usiku kucha, asubuhi kusanya. Kuna watu wanamwaga siki na soda kwa pamoja wanafurahi povu linavyofumuka, lile povu ni siki na soda zinamalizana zenyewe, mkojo uko pembeni unaangalia tu. Na kama doa limeacha rangi, ipo ile peroksaidi ya kusafishia vidonda, iwe ya asilimia 3, ukikuta ya 6 changanya na maji kiasi hicho hicho, tia tone la sabuni ya vyombo. Ila jaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana maana inaweza kufubaza rangi, na zulia la sufu usiliguse nayo. Ukibakiza mwaga, usiifungie kwenye chupa iliyobana, inatoa gesi.

Jik sasa. Umesema dada aliweka Jik. Neema, naomba isirudiwe, na siyo kwa sababu ya rangi ya zulia tu. Jik ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi mbaya inayochoma kifua, na ikikutana na siki inatoa klorini, hiyo ni hatari hasa kwenye sebule mliyofunga madirisha kwa ajili ya baridi na mtoto anacheza chini. Na dawa za sakafu zenye amonia nazo uziweke pembeni, mbwa akinusa anasikia harufu ya mkojo, anaona sawa, choo changu nimekikuta, anaongezea.

Kukausha ndo mtihani wenu huko hasa mwezi wa 6 na wa 7. Likunjue, litundike ukutani lipate hewa pande zote mbili, na usilirudishe mpaka ukishika mgongo wake kwa kiganja usikie kavu kweli. Na kabla hujalirudisha osha sakafu ya pale pale, kama ni saruji mwagia enzaimu nayo, la sivyo unalaza zulia safi juu ya choo.

Haya. Hayo yote mimi nikija na mashine yangu ya kunyonya maji nakufanyia vizuri tu, na baada ya muda utaniita tena. Nakwambia ukweli wa biashara yangu, nyumba zinazoniita kila mara ni zile zile, na wasioniita tena siyo kwamba walinunua dawa ya gharama, ni walibadilisha ratiba ya mbwa. Mbwa anafuata pua, harufu ikibaki atarudi, na ratiba ikibaki ilivyo atarudi hata pasiponuka.

Mimi madoa yananisimulia siku hizi. Dimbwi katikati ya sebule, huyo alibanwa akakosa wa kumfungulia mlango. Vidogo vidogo kwenye mguu wa kochi, juu kidogo, huyo ni dume anaweka alama, kumhasi kunapunguza sana tabia hiyo ingawa akishazoea haiishi yote. Matone mlangoni kila mgeni akiingia ni furaha au woga, mbwa mdogo anamwaga bila kukusudia, sasa ukimfokea ndo anamwaga zaidi, dawa yake ni wewe uingie kimya usimjali kwanza, akitulia chuchumaa umsalimie ubavu ubavu. Unyevu pale anapolala, hasa jike aliyefungwa kizazi, hajui hata kama anavuja, huyo ni wa daktari.

Cha kwako kwa ulivyonieleza ni dimbwi. Ana miezi 4, na wanasema mtoto wa mbwa anaweza kubana kama saa moja kwa kila mwezi wa umri, na hapo ametulia hajacheza wala hajanywa maji. Nyie mnamtoa asubuhi na jioni, unategemea nini? Atoke akiamka tu, akimaliza kula dakika 15 hadi 30 hivi, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Mlango ule ule, kona ile ile ya uwanja, neno lile lile, na mtu asimame naye, siyo kumfungulia tu anaenda kufukuza kuku anarudi ndani kukojoa. Akikojoa nje mpe kipande cha nyama hapo hapo, akifika ndani ndo unampa ameshasahau ni cha nini. Maji usimnyime.

Na mwambie dada ufagio auweke chini. Kumchapa, au ile ya kumsugua pua kwenye mkojo, hakumfundishi kukojoa nje, kunamfundisha asikojoe mbele ya mtu mwenye ufagio. Ndo maana mnakuta nyuma ya kochi. Ukimkuta katikati ya tendo piga makofi mara moja, mbebe, mpeleke nje amalizie huko. Ukikuta kimeshakauka, futa unyamaze.

Zile pedi za kukojolea ulizonunua nazo ndo zimechangia. Ni laini, zinanyonya, ziko ndani. Mbwa anajifunza kwa miguu pia, na kitu laini kinachonyonya kilicho ndani ni nini kingine? Kwa hiyo kunja zulia miezi miwili, mbaki na marumaru yenu, miguu ipate baridi kidogo hamtakufa.

Akishazoea nje halafu ghafla akaanza tena ndani, hapo usimlaumu, mpeleke kliniki. Anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na mbwa mkubwa anayekunywa maji sana inaweza kuwa kisukari au figo, na jike asiyefungwa kizazi akinywa maji sana wiki chache baada ya joto, yaani kile kipindi cha kutaka dume, msisubiri Jumatatu, kizazi kinaweza kuwa na usaha. Na kwa kuwa hapo kwenu kupe wapo, ukiona mkojo umekuwa mwekundu au kahawia kama chai ya rangi na mbwa kanyong'onyea, siku hiyo hiyo daktari, kupe wanaambukiza babesia na inaua haraka. Mwenyewe vaa glavu unaposafisha, ugonjwa wa leptospira unapita kwenye mkojo mpaka kwa binadamu, uliza na chanjo yake.

Uliniuliza nikija nitaswali wapi. Nimecheka ila swali zuri, maana enzaimu inatoa harufu tu, kwetu sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafii kilicholoweshwa na mbwa kina utaratibu wake, kinaoshwa mara 7 na moja iwe na udongo, na hilo halipo kwenye chupa yoyote. Nipe chumba cha watoto, mbwa asikanyage, mswala nakuja nao.

Sasa nitumie picha ya mgongo wa zulia, siyo ya juu, na unikandamizie kidole uniambie kama mpira wake unabomoka au bado unavutika. Ukiwa bado nitakuagizia chupa ya enzaimu kwenye basi. Ukiwa unabomoka litupeni, na jipya usinunue mpaka mbwa awe amekaa mwezi mzima hajaniharibia jina.

Wasalimie watoto na baba yao.

Zai